Bendeji za Attoumane

Ijumaa, 13 Oktoba 1989

Maulidi leo. Attoumane kavaa kofia mpya. Si yangu!

Nimeiona asubuhi alipoitoa kwenye mkoba, imefungwa gazeti. Nyeupe, uzi wa rangi ya maziwa, vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi, hakuna kilichopinda. Nikamwuliza, imetoka wapi hii? "Rahmati kanishonea." Hivyo hivyo, bila hata kupepesa jicho. Kama anayeniambia mvua imenyesha.

Rahmati. Mke wake wa Mutsamudu, kisiwa cha pili. Miaka mitano naishi na jina hilo ndani ya nyumba yangu, na sura yake sijapata kuiona.

Basi kaivaa, kateremka nayo Badjanani kwenye msikiti wa Ijumaa, mbele ya watu wazima wote wa mji. Jioni jirani yangu Charifa kaja mbio na sahani ya halua — bibi wee, kofia ya mumeo imesemwa leo! Kumbe na mkono huo bado unashona? Hakuna kama wewe. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nimezila sifa za Rahmati pamoja na halua yake, na zote mbili hazijashuka mpaka sasa.

Mkono: mzito. Kidole gumba hakikunji.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kanifunga asubuhi. Hapa ndipo roho yangu hutulia, niseme kweli.

Anakaa kwenye kigoda, mkono wangu wa kushoto juu ya goti lake. Kwanza anapapasa kwa kiganja, taratibu, kuanzia begani, halafu anashuka. Halafu kitambaa chembamba kidole kwa kidole. Pamba. Halafu bendeji, imekaza kiganjani, inalegea kidogo kidogo ikipanda. Namtazama utosi, mvi zimeanza.

Hospitali ya Reunion walinikata titi la kushoto mwaka wa themanini na saba, na tezi za kwapani pamoja nalo, kisha wakanichoma kwa miale. Maradhi yakaondoka, alhamdulillahi. Ila maji ya mkono huu hayana tena njia ya kupanda, ndivyo alivyosema yule nesi, basi yanakaa. Mkono ukajaa. Nao utajaa mpaka nife, asipopatikana mtu wa kunifunga. Mwenyewe siwezi, mkono mmoja haufungi mwenziwe.

Attoumane alikaa nami kule siku kumi tu. Tuliporudi Moroni alikuwa hajui hata bendeji inaanzia wapi. Halafu siku moja katoka Mutsamudu, kaketi, kaushika mkono, kanifunga kama nesi mwenyewe! Nikamwuliza, umejuaje? Akasema, "Nilitazama." Nililia siku ile. Mwanamme hatazami namna hiyo asipopenda.

Basi Rahmati ana sindano. Miye nina hili. Tupimane.

Jumatano, 18 Oktoba

Kaenda zake. Wiki mbili huku, wiki mbili bandari ya kule, ndiyo kazi yake na ndiyo ndoa yangu. Hana nyumba hata moja yule mtu, hii ya Magoudjou ni yangu na ile ya Mutsamudu ni ya Rahmati. Ana funguo mbili tu.

Moina mdogo wangu ndiye kanifunga leo. Yarabi! Kakaza juu, kalegeza chini. Saa nne vidole vimejaa, vinawaka. Nikamwambia, we Moina, unafunga mkono au unafunga mzigo wa kuni? Kanuna. Kasema hakusomea. Kaenda kazini kwake wizarani hajanywa hata chai.

Nimemtazama alivyokuwa anavaa. Mikono yake! Kaiinua juu yote miwili, kaipitisha kwenye kanzu, basi, kamaliza. Hajui hata kama ana mikono. Nimemwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, astaghfirullah.

Jumapili, 22 Oktoba

Soko la Volo Volo. Nilikwenda kununua samaki tu.

Muuza samaki kaniambia hayo matende, mama, pole. Bora yangekuwa mguuni ungeyasitiri na nguo. Nikamwambia si matende. Akasema ndiyo, ndiyo, kila mtu husema si matende. Kwa watu hawa kitu kilichovimba ni matende, hakuna jina jengine. Kanipa na jina la fundi wa Iconi anayechanja na kutoa damu chafu. Nikamwambia achanje ulimi wako kwanza.

Halafu nikamwona bibi arusi wa juzi, yule wa Combo mwenye duka, bangili mpaka kiwikoni, mikono yote miwili, anachagua nyanya na zinalia cha, cha, cha. Na miye nilikuwa hivyo! Sabini na nane, mwaka ule mamluki walipoleta serikali yao na arusi kubwa zikaruhusiwa tena, Attoumane alinivisha saba kwa saba. Saba za kulia ninazo. Saba za kushoto ziko kwenye kopo la biskuti.

Mzungu mmoja wa Gadi ya Rais, wale mamluki, alikuwa ananunua mananasi, bunduki begani. Watu wote huwapisha. Kauona mkono wangu — kanipisha yeye! Sijui nicheke au nilie.

Nimenunua kitambaa cheupe na uzi. Na sindano.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nesi wa Reunion alisema mkono huu hauna mlinzi. Usichomwe sindano, usikatwe na kisu, usiguse chungu cha moto, hata mwiba wa samaki uuogope. Nilimwitikia, nikaahidi.

Lakini nashona kwa kulia. Kushoto ni kushika kitambaa tu. Kushika kuna nini?

Alhamisi, 2 Novemba

Karudi. Kaushika mkono, kaugeuza. "Nani kafunga hivi?" Moina kakimbilia jikoni. Kafungua yote, kaanza upya. Leo usiku nitalala.

Kofia ya Rahmati karudi nayo, kaitundika kwenye msumari wangu, ukuta wangu. Kila nikiingia chumbani inanitazama.

Yangu nimeificha chini ya mchele. Itakuwa na vitundu vidogo kuliko vyake. Nimevihesabu vyake alipokuwa anaoga: safu moja kumi na tisa. Vyangu ishirini na sita!

Ijumaa, 10 Novemba

Tumegombana kwa iliki.

Kaonja chai kasema, "Rahmati hutia iliki." Nikamwambia basi nenda ukanywe kwa Rahmati, boti zipo. Halafu, badala ya kuacha, kaongeza: Rahmati alikuwa anauliza hali ya mkono wako, unakunja vidole?

Loo! Nilipandwa na hasira. Mkono wangu unamhusu nini yule? Anauulizia kwa nini, apate kucheka na mashoga zake? Nikamwambia, mwambie mkono ni mzima, na mwenye mkono ni mzima, na titi moja nililobakiwa nalo linanitosha. Attoumane katoka barazani na kikombe chake.

Nimejuta baadaye. Si kwa Rahmati, kwake yeye. Alimwoa themanini na nne, nilipokuwa na kila kitu changu, hata hilo siwezi kulisingizia maradhi. Ndilo linaloniuma. Nilikuwa mzima na bado sikutosha.

Alhamisi, 16 Novemba

Kaondoka. Kaniambia usimruhusu Moina kukaza juu. Nilimwambia umfundishe basi. Akasema amejaribu.

Kaondoka na kofia yake kichwani.

Jumatano, 22 Novemba

Nimefungua bendeji za vidole. Na pamba vidoleni sikisikii kitambaa, uzi unapinda. Nafungua asubuhi Moina akienda kazini, nafunga jioni ninavyoweza kwa meno.

Nimejichoma mara tatu. Mara mbili kidole cha shahada, mara moja kiganja. Damu kidogo. Nimelamba, nimeendelea. Safu nne zimebaki.

Ijumaa, 24 Novemba

IMEKWISHA! Nimeifua, nimeipiga pasi juu ya sufuria. Nimeivaa mwenyewe mbele ya kioo. Hata Rahmati akikodi mafundi wa Unguja nzima hatoi kofia hii.

Sitaki kungoja mpaka Alhamisi ijayo. Nikimpa hapa ataivaa hapa, yule ataiona lini? Nataka aivae kule. Nataka niwe nimekaa, niione sura yake anapoiona. Kesho kuna ndege.

Moina kauona mkono. Dada Zaharia, mbona mwekundu hapa? Nikamwambia joto. Dada, una moto! Nimpigie Attoumane simu bandarini? Nikamwambia thubutu uone. Mkono unauma kwa ndani, unapiga. Ni kwa kuwa nimeufanyisha kazi. Utapoa.

Jumamosi, 25 Novemba — Mutsamudu

Sijui nianzie wapi.

Ndege nusu saa, nikatapika. Kutoka uwanjani mpaka mjini teksi. Nikauliza nyumba ya Rahmati, wakaniingiza vichochoroni, kushoto, kulia, ngazi, nguo zimeanikwa juu ya kichwa, sikujua tena nimetoka wapi. Nikabisha. Nikapiga hodi kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Kafungua yeye.

Si mzuri. Nimetazama sana, si mzuri! Mwembamba, meno ya mbele yameachana. Lakini mikono... Shiromani aliyojitanda imemteremka begani, mikono iko nje, miwili, sawasawa, mishipa inaonekana kwenye kifundo. Nilisahau maneno yote niliyoyapanga ndegeni.

Nikasema, miye Zaharia. Akasema, "Najua." Nikasema, nimemjia mume wangu. Akajibu kwa lugha yake ya Kinzwani, ya haraka, nikamwambia arudie mara mbili ndipo nikafahamu. Attoumane kaondoka asubuhi, kwa boti. Jana jioni Moina alipiga simu bandarini — mkono wa dada mwekundu, ana homa. Hakulala. Kakimbilia Moroni.

Kanikimbilia miye! Na miye nimekimbia kumfumania kwa kofia. Tumepishana baharini na angani. Nilikaa kwenye ngazi yake nikaanza kucheka, nikasikia meno yanagongana, kumbe natetemeka.

Kachukua mkoba wangu. Sina mtu mwengine Mutsamudu. Hakuna ndege mpaka Jumatatu.

Jumapili, 26 Novemba

Homa. Mkono wote mwekundu mpaka begani. Kitanda chake. Harufu ya Attoumane kwenye mto wake. Siandiki.

Jumatatu, 27 Novemba

Rahmati kaingia mbio mchana, kafunga mlango kwa komeo. Rais kauawa, Moroni, jana usiku. Ndege hakuna. Simu hakuna. Mamluki wameshika kila kitu, hakuna anayejua zaidi.

Nikamwuliza na Attoumane? Sote wawili tulitazamana. Kwanza nilikasirika kuwa na yeye kaogopa. Ana haki gani ya kuogopa kama ninavyoogopa miye! Halafu kanichoma sindano ya penisilini, pajani, kwa mkono wa mtu aliyezoea.

Jumatano, 29 Novemba

Kumbe ni muuguzi msaidizi. Yuko hospitalini miaka minane, anafunga vidonda na miguu ya watu wa matende. Miaka mitano sikuuliza anafanya kazi gani. Nilidhani kazi yake ni mume wangu.

Sindano asubuhi na jioni. Mkono juu ya mito mitatu. Nikamwambia nifunge basi, unajaa. Akasema, si sasa, dada, mkono wenye moto haufungwi, tungoje wekundu uondoke. Kaniita dada. Sikumpa ruhusa.

Kanilisha uji kwa kijiko. Nilifumba macho nisione ile mikono.

Jumapili, 3 Desemba

Homa imekatika. Wekundu umeshuka mpaka kiwikoni. Uji nimekunywa mwenyewe.

Kaja msafiri kutoka Moroni, kwa mashua ya mafuta — mji una askari kila kona, lakini watu wa Magoudjou ni wazima. Attoumane yuko nyumbani kwangu, anazunguka bandarini kila siku kutafuta chombo. Boti hazipewi ruhusa. Rahmati akasema alhamdulillahi, na miye nikasema alhamdulillahi, kwa wakati mmoja.

Kofia kaiona. Alikuwa anafua nguo zangu, kaitoa mkobani. Nilikuwa kitandani nikajifanya nimelala, nimechungulia kwa jicho moja. Kaipeleka dirishani. Kaigeuza ndani nje. Kapitisha ukucha juu ya safu, anahesabu. Kumbe na yeye huhesabu! Halafu kasema, hata hakunitazama, "Umenishinda." Kaikunja, kairudisha.

Hii ndiyo sura niliyoilipia tikiti ya ndege. Nimeiona. Sikusikia raha yoyote. Kaniuliza tu, ulishona na mkono huo? Halafu kakitazama kidole cha shahada, kaona alama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 6 Desemba

Leo! Leo sijui niandike vipi.

Asubuhi kasema umepoa, tufunge. Kaleta bendeji za hospitali. Kaketi kwenye kigoda. Kaweka mkono wangu juu ya goti lake. Kaanza begani, kwa kiganja, taratibu, halafu kashuka. Kitambaa kidole kwa kidole — kuanzia kidole kidogo, kama Attoumane. Pamba. Bendeji kaizungusha kwenye kifundo mara mbili, akaipitisha baina ya gumba na shahada, akaikunja ncha kwa ndani. Kila kitu. Hata ile ncha.

Nikamwambia, nikiwa na furaha kidogo, kweli, nilijiona tajiri anayemkopesha mtu: Attoumane kakufundisha vizuri.

Kacheka, yale meno. "Attoumane? Miye nilimfundisha yeye."

Attoumane kaja siku moja, ndivyo alivyonihadithia Rahmati, miezi miwili baada ya Reunion, kamkuta hospitalini anafunga mguu wa mzee. Kasimama mlangoni mpaka Rahmati kamaliza. Jioni kamwambia, nifundishe hiyo, ni ya Zaharia. Wiki mbili nzima, kila asubuhi. Kwenye mkono wa nani? nikauliza. Nilijua jibu lakini nikauliza. Akasema, "Wangu. Kwani ningempa wa nani?"

Nilitazama! Aliniambia "nilitazama"! Na miye nikalia kwa furaha, mjinga miye! Miaka miwili ninachukua mikono ile kila asubuhi najisifu, hiki Rahmati hana, hiki changu peke yangu — na ni chake. Yeye ndiye aliyekianza. Kwenye ngozi yake. Nilikuwa nakula makombo na kujilamba vidole.

Nimeirarua bendeji. Kwa meno, mbele yake. Nikamwambia toka. Katoka — kwenye nyumba yake mwenyewe! Kaketi kwenye ngazi za nje mpaka adhuhuri.

Alhamisi, 7 Desemba

Hatusemi. Kaniwekea chakula mlangoni. Mataba ya majani ya muhogo na wali. Nimekula kwa sababu nina njaa, si kwa sababu nyengine.

Mkono umejaa. Ngozi imekaza, inang'aa.

Wanasema Moroni watoto wa shule, wale wa lisee, wameandamana, mamluki wamewafukuza kwa moshi. Wanasema Wafaransa watakuja kuwatoa wale wazungu wao. Kila mtu anasema. Miye nahesabu siku bila bendeji.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimemwita. Ilibidi. Mkono ulikuwa haunyanyuki tena, na vidole havishiki sindano wala kijiko. Nimesema, Rahmati. Bila bibi, bila dada, Rahmati tu. Kaja na bendeji zimeshakunjwa, alizifua zile nilizozirarua, kazishona nilipozipasua.

Kafunga. Namtazama utosi, nywele nyeusi tii, na wivu unanikaba palepale, huku mkono wenyewe unapumua kwa raha mikononi mwake. Sijapata kuona jambo la aibu kama hili, mwili kumshukuru mtu ambaye roho haimtaki.

Nikamwuliza, kwa nini ulimfundisha? Ungekataa. Miye ningekataa! Ningemwambia akatafute nesi.

Kakunja ncha kwa ndani kwanza. Halafu kasema alikuwa analia. Sikumwelewa. Attoumane, alikuwa analia, hapo mlangoni, alisema umeshindwa kufunga kifungo cha kanzu yako na hutaki aone. Kasema, "Ningekataaje?"

Sikuwa najua kuwa aliniona na kile kifungo.

Jumatatu, 11 Desemba

Kuna boti kesho, inachukua wagonjwa na watu wa hospitali tu. Rahmati kanipatia karatasi yenye mhuri. Nikasema ahsante. Limetoka, nililisikia likitoka.

Leo asubuhi kanifunga tena. Ana haraka, kazi inaanza saa moja. Nilipotazama alikuwa amekwisha. Nikamwambia, mara hii? Attoumane hukaa sana.

Akasema, hukaaje sana? Kazi hii ni ya robo saa, na akizubaa dakika ishirini.

Nikasema, na yeye tunaanza Moina anapoteleka wali, tunamaliza umeshaiva na umepoa.

Sikusema kwa ubaya. Naapa. Ilikuwa habari tu. Lakini nilimwona. Mkono wake ulisimama juu ya pamba aliyokuwa anaikusanya. Kaniuliza taratibu anafanya nini muda wote huo. Nikasema hata sijui, anafunga. Anapapasa, anafunga, anafungua pale palipopinda, anafunga tena. Hasemi kitu.

Halafu kasema, na hapa sibadilishi hata neno: "Zile wiki mbili, kila asubuhi, alikuwa ameushika mkono wangu, na kila dakika ananiuliza, hapa Zaharia haitamuuma? Hapa Zaharia haitamkaza? Kabla ya hapo alikuwa hajaushika mkono wangu asubuhi. Wala baada ya hapo."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka masikio yakawaka! Miaka mitano ya wivu, kumbe na huku ulikuwa unapikwa ule ule. Halafu nikamtazama usoni na furaha ikaanza kunitoka, kidogo kidogo, naitaka isitoke na inatoka.

Saa moja imepita. Hajaenda kazini. Kavua bangili yake, ile moja aliyo nayo, kaiweka juu ya meza. Kaketi chini, kwenye mkeka, kaunyoosha mkono wake wa kushoto, mzima, mwembamba, kauweka juu ya goti langu.

"Nifunge," kasema. "Si ninavyofunga miye. Nifunge anavyokufunga yeye."

Nikamwambia ngoja, niandike kwanza. Anangoja. Bendeji iko hapa kwenye kitanda, nina mkono mmoja tu wa kufanyia kazi na vidole viwili vya huu mwengine. Mkono wake una joto. Hauondoi. Kafumba macho, na miye sijui naanzia kwenye bega au kwenye kidole kidogo. Naweka kalamu.